Bumu Linapokwisha: Chanzo cha Uhalifu wa Wanafunzi wa Vyuo na Namna ya Kuuzuia

Mwanafunzi wa chuo akikamatwa na kompyuta ya mwenzake, au akifikishwa mahakamani kwa utapeli wa mtandaoni, maelezo huwa tayari: maadili yameporomoka, wazazi wa siku hizi hawalei, vijana wanataka utajiri wa haraka. Maelezo hayo yanapendwa kwa sababu hayamgharimu mtu kitu. Mzazi anamlaumu mhadhiri, mhadhiri anamlaumu mzazi, wote wawili wanailaumu simu, na mwaka unaofuata kundi jingine la vijana linaingia katika mazingira yaleyale. Ninachodai hapa ni kwamba sehemu kubwa ya uhalifu wa wanafunzi wa vyuo ina chanzo kinachoonekana, nacho ni pengo la usimamizi lililopo kati ya nyumba ya mzazi na ajira. Ndani ya pengo hilo kijana hukabidhiwa fedha kwa mkupuo, huachwa ajitafutie pa kulala, huandamwa na wakopeshaji na wachezesha kamari, wala hana mtu mzima hata mmoja mwenye wajibu wa kujua kama jana alikula na alilala wapi. Pengo hilo limetokana na taratibu tulizojiwekea wenyewe, na taratibu hubadilishwa.

Kwanza tuutenge umri na chuo. Watafiti wa uhalifu katika nchi nyingi wameona mwenendo uleule: makosa huongezeka tangu ujana unapoanza, hufika kileleni mwishoni mwa miaka ya kumi na mwanzoni mwa miaka ya ishirini, kisha hushuka kadiri mtu anavyopata kazi, ndoa na watoto. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza yumo katikati ya kilele hicho, na hata asingekwenda chuo angekuwa katika umri wa hatari. Elimu yenyewe huvuta upande wa pili. Lance Lochner na Enrico Moretti, katika utafiti wao wa 2004 kuhusu Marekani, walionyesha kuwa kumaliza shule ya sekondari hupunguza uwezekano wa mtu kukamatwa na kufungwa. Basi tukikuta wizi, dawa za kulevya na utapeli mahali ambapo elimu ilipaswa kuushinda umri, inafaa tuulize chuo kimeongeza nini kinachoidhoofisha elimu. Takwimu za Jeshi la Polisi Tanzania hazikupangwa kujibu swali hilo. Hugawa makosa kuwa dhidi ya binadamu, dhidi ya mali na dhidi ya maadili ya jamii, bila kumtenga mwanafunzi. Jibu inabidi litafutwe katika namna maisha ya chuo yalivyopangwa.

Nianze na fedha, maana ndiko pengo linakoonekana wazi zaidi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya 2004 na kuanza kazi 2005, na bila hiyo maelfu ya watoto wa wakulima wasingeliona lango la chuo kikuu. Fedha zake za kujikimu, ambazo wanafunzi huziita bumu, zilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo wa 2022/2023. Hoja yangu haihusu kiwango hicho, ingawa kinaweza kujadiliwa. Hoja ni kwamba fedha hizo hukokotolewa kwa siku lakini hulipwa kwa mikupuo michache katika mwaka mzima. Mkupuo wa siku sitini ni shilingi 600,000, na huingia kwa mara moja kwenye akaunti ya kijana wa miaka ishirini ambaye huenda hajawahi kushika laki moja. Yeyote aliyewahi kuishi jirani na chuo anajua kalenda inayofuata: wiki za mwanzo ni nguo, simu mpya na kutoka, wiki za mwisho ni kula mara moja kwa siku, kukopa kwa muuza chipsi na kusikiliza tetesi za lini bumu litaingia.

Kwamba kalenda hiyo inahusiana na uhalifu si dhana tupu. Mwaka 2011 mwanauchumi C. Fritz Foley alichapisha uchambuzi wa miji 12 ya Marekani ambako familia maskini hupokea fedha za ustawi wa jamii. Pale malipo yalipofanyika kwa mkupuo mwanzoni mwa mwezi, makosa yenye faida ya fedha, kama wizi na unyang'anyi, yaliongezeka kadiri siku zilivyosogea kutoka siku ya malipo. Makosa yasiyo na faida ya fedha hayakufuata mwendo huo. Watu walikuwa walewale na malezi yao yaleyale, kilichobadilika ni idadi ya siku tangu fedha ziingie. Ikiwa mwezi mmoja unatosha kuleta tofauti hiyo kwa watu wazima wenye familia, sioni kwa nini tutarajie miezi miwili imuache salama kijana asiye na mtu wa kumshauri.

Hapo hutokea pingamizi la haki kabisa: mwanafunzi ni mtu mzima, apige kura, aoe akitaka, halafu tumgawie hela ya kula kama mtoto? Lakini mwajiriwa wa serikali mwenye miaka hamsini naye hulipwa mwisho wa mwezi, na hakuna aliyewahi kuona kwamba amedharauliwa. Mpangilio wa mwezi ni msaada ambao jamii imewapa watu wazima wote kwa sababu inawafahamu. Ugumu wa kweli uko kwingine, nao ni kodi ya nyumba. Wenye nyumba wengi Dar es Salaam hudai kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, kwa hiyo bumu la kwanza humezwa na chumba kabla mwanafunzi hajanunua godoro. Mgawo wa kila mwezi peke yake ungemfukuzisha chumbani. Njia inayofaa ni kuitenga sehemu ya malazi, ilipwe mapema mwanzoni mwa muhula, kisha ya chakula itolewe kila mwezi au hata kila wiki mbili. Fedha siku hizi husafiri kwa njia za kidijiti, na kuongeza idadi ya malipo hakuhitaji karani mpya wala jengo jipya.

Wiki zile za ukame zina watu wanaozivizia. Mwanafunzi asiye na kitu mfukoni ana simu, na ndani ya simu kuna mkopo unaotolewa kwa dakika tano, bila dhamana, kwa riba inayokua kila siku. Mitaani mikopo hiyo inaitwa kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu 69 za kukopesha mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kenya nayo ilibidi irekebishe sheria ya benki kuu yake 2021 ili iweze kuwadhibiti wakopeshaji wa namna hiyo. Silaha ya wakopeshaji hawa ni aibu: hupekua orodha ya majina kwenye simu ya mdaiwa, wakawatumia ujumbe wazazi, wahadhiri na marafiki zake. Kijana anayetishiwa kuaibishwa mbele ya mama yake hufikiria mambo ambayo njaa peke yake isingemfanya ayafikirie. Kando ya mkopo upo mkeka wa kubeti. Uchunguzi wa kampuni ya GeoPoll wa 2017 kwa vijana wa miaka 17 hadi 35 katika nchi sita za Afrika ulikuta kuwa asilimia 76 ya waliohojiwa Kenya waliwahi kucheza kamari, kiwango cha juu kuliko nchi nyingine zilizohusishwa, Tanzania na Uganda zikiwamo. Kwa kuwa sheria inaruhusu kamari kuanzia miaka 18, mwanafunzi wa chuo ni mteja halali. Ada ikibetiwa na mkeka ukachanika, hasara hiyo haiwezi kuelezwa nyumbani, na hasara isiyoelezeka ndiyo inayomsukuma mtu kuchukua kisicho chake.

Nguzo ya pili ya pengo ni mahali pa kulala. Hadi 1984, Chuo Kikuu cha Sokoine kilipoanzishwa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndicho kilikuwa chuo kikuu pekee cha Tanzania, na kuwa mwanafunzi kulimaanisha kuwa na kitanda bwenini na sahani bwaloni. Miaka ya 1990 ikaja sera ya kuchangia gharama, kisha udahili ukapanuka kwa kasi ambayo vitanda havikuweza kuifuata. Mabweni ya kampasi ya Mlimani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yaliyofunguliwa Aprili 2017 yana nafasi 3,840. Ni kazi nzuri na iliyofanywa haraka, lakini chuo hicho kina wanafunzi makumi ya maelfu. Waliobaki wamo kwenye mageto ya Msewe, Changanyikeni na Makongo, kama wenzao wa Kenya walivyojaa Juja na Kahawa Wendani. Mwaka 1979 wanasosholojia Lawrence Cohen na Marcus Felson walitoa hoja ambayo imestahimili miaka mingi ya majaribio: kosa hutokea pale vitu vitatu vinapokutana, yaani mtu aliye tayari kulitenda, mali inayochukulika na kukosekana kwa mlinzi. Geto la wanafunzi linavikusanya vyote chini ya bati moja. Kila chumba kina simu na kompyuta mpakato. Mchana wapangaji wote wako darasani. Kufuli ni la bei ya chini kabisa. Majirani wote ni wageni, na kila muhula nusu yao huhama.

Tanzania ina ulinzi shirikishi na wenyeviti wa serikali za mitaa, Kenya ina mpango wa Nyumba Kumi tangu 2013, lakini mipango yote hiyo inategemea majirani wanaofahamiana. Mwanafunzi mpangaji haingii katika hesabu hiyo. Mtaa unamwona kuwa wa chuo, chuo kinamwona kuwa wa mtaa. Akiibiwa hajui aripoti wapi, na akiiba hakuna anayemjua kwa jina. Hii ndiyo sababu ninasisitiza kwamba mwanafunzi anayetenda uhalifu na mwanafunzi anayetendewa wanaishi katika nyumba moja, na kinga ya mmoja ni kinga ya mwingine. Chuo kingeweza kuwa na daftari la nyumba zinazopangishwa kwa wanafunzi, lenye jina la mwenye nyumba na namba ya mwenyekiti wa mtaa, na ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi ikawa na watu wanaozitembelea. Wapo watakaosema hakuna bajeti. Lakini vyuo hivyohivyo vinalipa makampuni ya ulinzi kulinda lango na majengo ya utawala usiku kucha, wakati mali nyingi za wanafunzi, na wanafunzi wenyewe, ziko nje ya lango.

Sehemu inayokua haraka zaidi ni ya mtandaoni, na namna mwanafunzi anavyoingia humo haieleweki vya kutosha. Watu humfikiria kijana mtaalamu anayevunja mifumo ya benki. Mlango wa kawaida ni mwembamba kuliko huo: ni kuazimisha. Tangu Januari 2020 Tanzania ilipoanza kuzifunga laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole, tapeli anayetuma ujumbe wa kudai ile hela itumwe kwenye namba nyingine anahitaji laini yenye jina la mtu mwingine, na akaunti ya mtu mwingine ya kupitishia fedha. Mwanafunzi mwenye kitambulisho safi na mfuko mtupu ndiye mtu anayemfaa. Huambiwa ni dili dogo: sajili laini mbili, chukua elfu ishirini, pokea hela, itoe, baki na sehemu yako. Yeye haoni mtu aliyeibiwa, kwa hiyo haoni wizi. Sheria inauona: ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na ipo Sheria ya Kuzuia Utakasishaji Fedha Haramu ya 2006, ambayo kosa lake limekuwa miongoni mwa yale yasiyo na dhamana nchini Tanzania. Kijana anaweza kukaa mahabusu muda mrefu kwa sababu ya elfu ishirini. Saa moja ya wiki ya kuwakaribisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza ingetosha kuwaeleza hayo, na kuwaonyesha kuwa kwa kupiga *106# mtu anaona laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.

Sasa niligeukie pingamizi zito zaidi. Wanafunzi walio wengi ni maskini na si wezi, na wapo watoto wa wenye nacho waliotenda makosa mabaya kuliko wizi. Aprili 2, 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa nchini Kenya, wengi wao wanafunzi. Mmoja wa washambuliaji alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi na mtoto wa chifu. Hapo hakuna bumu lililokwisha. Nakubali pingamizi hili, na ndiyo maana sikusema umaskini ndio chanzo. Pengo ninalolieleza lina sura ya fedha kwa wengi, lakini kiini chake ni kijana kukosa watu wanaomjua na kumdai tabia fulani. Mwanasosholojia Travis Hirschi alieleza mwaka 1969 kwamba tunapaswa kuuliza zaidi kinachowazuia watu kutenda uhalifu, na akakitaja kuwa ni kamba zinazomfunga mtu na wenzake, na malengo yake na shughuli zake. Chuo huzikata kamba za nyumbani kwa siku moja. Kisipofunga nyingine, atakayetokea kwanza na kumwita kijana ndugu ndiye atakayempata. Nigeria ililijua hilo kwa gharama kubwa. Mwaka 1952 Wole Soyinka na wenzake sita walianzisha chama cha wanafunzi huko Ibadan kwa nia ya kupinga ukoloni na utabaka. Miongo michache baadaye vyama vya siri vilivyochipuka kwa kukiiga vilikuwa vimegeuka magenge yenye silaha, na Julai 10, 1999 genge moja liliwaua wanafunzi watano katika Chuo Kikuu cha Obafemi Awolowo. Afrika Mashariki haijafika huko. Serikali za wanafunzi zilizo huru, vikundi vya dini vinavyofanya mambo yao hadharani, timu za michezo na vyama vya fani ni sehemu ya kinga yetu, na mkuu wa chuo anayevibana kwa kuhofia migomo anaiondoa kinga hiyo kwa mkono wake.

Wanaotaka turudi kwenye maadili nao wana ukweli wao, ila huuelekeza upande mmoja tu. Husema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Basi tuuangalie ulimwengu unaomfunza mwanafunzi. Aprili 2017 uhakiki wa serikali ya Tanzania uliwabaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na taarifa hiyo ilikabidhiwa kwa Rais katika Chuo Kikuu cha Dodoma. Rushwa ya ngono imekatazwa katika kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na taasisi ya kupambana na rushwa, TAKUKURU, iliona haja ya kuichunguza katika vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma. Mwanafunzi anayejua kwamba alama zinaweza kununuliwa kwa mwili, na kwamba aliyeghushi alipandishwa cheo kwa miaka, hawezi kushawishika kwa mhadhara wa uadilifu. Mwanasosholojia Edwin Sutherland alifundisha kwamba uhalifu hujifunzwa, kama ufundi wowote, kutoka kwa watu walio karibu nasi. Chuo kinachotaka wanafunzi waadilifu kianze kwa kumpeleka mahakamani mhadhiri mla rushwa, badala ya kumhamisha idara.

Wengine wanataka mkono mzito: afukuzwe, afungwe, awe mfano. Adhabu ni lazima, hasa kwa unyang'anyi na ubakaji. Mwenye kuumizwa hawezi kuambiwa asubiri tutafiti vyanzo. Lakini tangu Cesare Beccaria alipoandika mwaka 1764, hoja imesimama kwamba kinachozuia uhalifu ni uhakika wa kukamatwa zaidi ya urefu wa kifungo. Unyang'anyi wa kutumia silaha Tanzania una kifungo kisichopungua miaka 30, na bado unatendeka. Vyuo vyetu mara nyingi hufanya kinyume: makosa madogo humalizwa kimyakimya ili jina la chuo lisichafuke, mpaka siku moja linapotokea kubwa na kijana anafukuzwa bila kuwahi kuonywa. Kumfukuza aliyeiba simu mwaka wa kwanza ni kumrudisha mtaani na deni la mkopo, bila cheti na bila njia. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 inaruhusu mahakama kumpa mkosaji kazi ya umma badala ya kifungo. Vyuo viige busara hiyo kwa kosa la kwanza lisilo la ukatili, virudishe mali kwa mwenyewe, na viamue ndani ya wiki chache.

Na kwa wale ambao tayari wameshateleza, Afrika ina ushahidi wake. Watafiti Christopher Blattman, Julian Jamison na Margaret Sheridan waliwachukua wanaume 999 wa Monrovia, Liberia, wengi wao wakiishi kwa wizi, uuzaji wa dawa za kulevya na vurugu. Baadhi walipewa wiki nane za mafunzo ya kujitawala na kufikiri kabla ya kutenda, baadhi dola 200, baadhi vyote viwili. Miaka kumi baadaye waliopata vyote viwili walikuwa wamepunguza wizi na uporaji kwa karibu nusu. Mafunzo hayo hayakuongozwa na maprofesa wa saikolojia. Wawezeshaji wengine walikuwa wenyewe wamepitia maisha hayohayo. Kama hilo liliwezekana kwa watu waliokuwa wakiishi kwa wizi na vurugu, linawezekana kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyebeti ada yake, mradi chuo kiwe na washauri nasaha wanaofikika kabla ya siku ya kikao cha nidhamu.

Kazi kubwa ni ya bodi za mikopo na vyuo, nayo ifanywe mapema, maana wanafunzi wapya wakifika mlangoni muda huwa umekwisha. Lakini mzazi asisubiri. Unapompeleka mwanao chuoni, mpeleke hadi kwenye chumba atakachopanga, msalimie mwenye nyumba, mtambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa, uache namba yako ya simu hapo. Kisha mwambie waziwazi, kabla halijatokea, kwamba hata akila ada yote akupigie simu wewe kwanza.